Kuongeza kumbukumbu hakuponyi mchezo unaokwama

WAPENZI wa mchezo wa kompyuta wa Skyrim wanaouongezea picha na wahusika wapya hukimbilia kununua kumbukumbu zaidi unapokwama. Mara nyingi pesa hizo huenda bure. Toleo la kwanza, la mwaka 2011, ni programu ya biti 32 isiyoweza kutumia zaidi ya gigabaiti 4, hata kompyuta ikiwa na 16. Picha ya nukta 2,048 kila upande, isipobanwa, huhitaji megabaiti 16. Pande hizo zikiongezwa maradufu, huhitaji 64. Toleo la biti 64 la mwaka 2016 liliondoa kikomo hicho, ingawa kadi ya michoro ina mpaka wake. Basi ni heri kuongeza faili mojamoja na kuujaribu mchezo kila mara.