Mwanamke Mpiganaji na Hati ya Kuonyesha

Msomaji wetu mmoja wa Ngoliba, mashariki ya Thika, mahali ambapo mlima wa Kilimambogo huonekana toka mlangoni mwa nyumba, ametuletea barua yenye swali la maana. Asema ya kuwa nyanya yake, alipokuwa msichana huko Murang'a, alikuwa akipeleka chakula msituni wakati wa Hali ya Hatari. Sasa ni mkongwe sana. Wazee wa kiume wa rika lake huitwa wapiganaji wa uhuru, na Siku ya Mashujaa hupewa viti vya mbele. Yeye hajaitwa neno lo lote. Msomaji huyo amesikia pia habari za wanawake wa Marekani waliorusha ndege wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambao nao walikawia kutambuliwa. Auliza: Ni kitu gani kimfanyacho mtu aitwe askari wa zamani, na kwa nini wanawake hukumbukwa mwisho?

Tutaanza na hao marubani, maana habari yao imeandikwa yote na ni nyepesi kufahamika. Katika lugha yetu neno "rubani" halisemi kama ni mume au mke, wala neno "askari" halisemi. Walakini mfasiri aandikapo "askari" ajua vema ya kuwa msomaji amekwisha kuona mwanamume mwenye masharubu.

Wanawake hao walikuwa 1,074 waliohitimu mafunzo, wengi wao katika mji wa Sweetwater, jimbo la Texas. Kazi yao ilikuwa kuzichukua ndege mpya viwandani na kuzipeleka viwanjani, kuzijaribu ndege zilizotengenezwa upya, na hata kuvuta shabaha za kitambaa angani ili wanafunzi wa mizinga wazipige kwa risasi za kweli. Walivaa sare na kufuata amri za jeshi, lakini katika vitabu vya serikali waliandikwa kuwa raia. Katika kazi hiyo 38 walikufa. Kwa kuwa marehemu alihesabiwa kuwa raia, jeshi halikulipa gharama ya kumrudisha kwao, wala jeneza lake halikufunikwa bendera kwa haki. Mara nyingine wenzake walichanga fedha mifukoni mwao. Bunge lilikataa kuwaingiza jeshini mwaka 1944, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo kikosi kikavunjwa.

Miaka zaidi ya 30 ikapita. Mwaka 1976 Jeshi la Anga likatangaza ya kuwa litawafundisha wanawake urubani, na habari zikaenea kana kwamba jambo hilo halijapata kutokea. Ndipo wale akina mama, ambao sasa walikuwa na nywele za mvi, wakakasirika na kwenda Bungeni. Jambo lililowasaidia sana ni karatasi. Mmoja wao alikuwa amehifadhi hati ya kuachishwa kazi kwa heshima, yenye maneno sawasawa na ya hati apewayo askari wa kiume. Sheria ikapitishwa Novemba 1977. Hata hivyo mambo hayakwisha, kwani mwaka 2015 wakuu wa jeshi walisema hawana haki ya kuzikwa katika makaburi ya Arlington. Majivu ya Bibi Elaine Harmon, aliyekufa mwaka huo, yakawekwa kabatini na jamaa zake mpaka sheria nyingine ilipotungwa mwaka 2016, ndipo akazikwa huko.

Sasa na turudi kwetu. Askari wa King's African Rifles aliyetoka Burma alirudi na namba yake na hati yake. Mtu wa msituni hakuwa na hati, tena ilikuwa hatari kuwa nayo. Isitoshe, chama cha Mau Mau kilipigwa marufuku mwaka 1950, na amri hiyo haikufutwa mwaka wa Uhuru, 1963, kama wengi wadhanivyo. Ilikaa katika sheria zetu mpaka mwaka 2003, miaka 40 kamili, na muda huo wote wapiganaji hawakuweza kuandikisha chama cha kuwasemea. Wengi walikufa wakingoja.

Kwa wanawake ugumu ulikuwa mara mbili. Wachache waliingia msituni na kupewa vyeo. Ajulikanaye zaidi ni Bibi Muthoni wa Kirima wa Nyeri, mwanamke pekee aliyefika cheo cha Fildi Mashali. Alitoka msituni Uhuru ulipopatikana, akaziacha nywele zake ndefu za msituni zisikatwe mpaka Aprili 2022, alipozikatwa na Mama Ngina Kenyatta. Alifariki Septemba 2023. Lakini walio wengi walikuwa kama nyanya wa msomaji wetu: walibeba chakula, risasi na habari usiku, na asubuhi wakaonekana shambani wakilima. Serikali ya wakati ule haikuwaona kuwa ni wadogo. Bibi Jane Muthoni Mara alikamatwa angali msichana kwa kushtakiwa kuwapelekea wapiganaji chakula, akateswa kambini. Yeye ni mmoja wa wazee walioishtaki Serikali ya Uingereza huko London mwaka 2009. Tarehe 6 Juni, 1993 haikuwa. Ilikuwa 2013, miaka 50 baada ya Uhuru, Uingereza ilipotamka masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, gharama za mashtaka zikiwa ndani yake. Angalieni basi: aliyepeleka chakula alihesabiwa kuwa adui wa kutosha kufungwa, lakini baadaye hakuhesabiwa kuwa mpiganaji wa kutosha kukumbukwa.

Msomaji akifika Nairobi, na aende Uhuru Park alitazame sanamu lililofunuliwa Septemba 2015. Mwanamke ampa mpiganaji chakula, na kila mmoja ametazama upande wake. Fundi hakukosea. Ndivyo ilivyokuwa desturi, ili akikamatwa mmoja asiweze kumtaja mwenziwe hata akipigwa. Desturi hiyo iliokoa maisha ya watu wengi, nayo ndiyo imemnyima nyanya yake shahidi, kwa sababu yule aliyekipokea chakula hakuuona uso wake.

Sheria ya Mashujaa wa Kenya ya mwaka 2014 iliweka Baraza la kupokea majina ya wastahilio. Twamshauri msomaji wetu aketi na nyanya yake juma hili, aandike jina la kijiji, la mto aliouvuka, na la wenzake aliokuwa akitwanga nao nafaka ile, maana hao waliziona nyuso zao wenyewe kwa wenyewe.