DALALI WA NYUMBA NA ARDHI: AMANA YAKE NA NAMNA YA KUMCHAGUA

Udalali ni kazi ya kale katika Visiwa vyetu, na ni kazi ya halali. Anayenadi samaki katika diko la Malindi ni dalali, na anayemtafutia mgeni chumba cha kupanga Mwanakwerekwe naye ni dalali. Lakini baina ya wawili hawa ipo tofauti kubwa. Samaki yupo mbele ya macho. Mnunuzi humwona, humgusa, akalipa akaondoka naye. Anayenunua nyumba au kiwanja huoneshwa kuta, mlango na mipaka, ilhali anachokinunua hasa ni haki, na haki haionekani kwa macho. Hapo ndipo uaminifu wa dalali unapohitajika, na hapo ndipo wananchi wengi wanapopoteza akiba ya umri wao.

Inafaa ifahamike kwanza kwamba dalali si mwenye mali. Yeye ni mtu anayetenda kwa niaba ya mwengine. Misingi ya sheria ya mikataba inamtaka afuate maagizo ya aliyemtuma, atoe hesabu ya kila senti aliyoipokea, asijipatie faida ya siri, na asizitumikie pande mbili pasipo kila upande kujua. Dalali aliyeambiwa na mwenye nyumba auze kwa shilingi milioni 60, akamtajia mnunuzi milioni 70 na kuitia tofauti mfukoni, hakufanya ujanja wa biashara, amefanya khiyana.

Tuchukue mfano. Mzee amefariki na kuacha nyumba Ng'ambo. Wazazi wake walikwisha kutangulia. Warithi ni mjane mmoja, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Kwa hukumu ya mirathi, nyumba hiyo ikigawiwa mafungu 40, mjane ana mafungu 5, kila mtoto wa kiume ana 14, na binti ana 7. Mmoja wa watoto wa kiume anamwendea dalali na karatasi yenye jina la marehemu baba yake. Dalali haulizi neno. Mnunuzi anapatikana, arbuni inatolewa, na baada ya siku chache malipo yanakamilishwa. Mwezi wa pili binti anarejea kutoka Pemba alikoolewa, anamkuta mtu mgeni akipaka rangi nyumba ya baba yake.

Muuzaji alikuwa na mafungu 14, akauza 40. Mjane hana pa kulala, binti hana urithi, na mnunuzi ana kesi badala ya nyumba. Dalali pekee ndiye aliyekwisha kupata ujira wake. Swali moja tu lingeliwanusuru wote: "Warithi wengine wako wapi, na karatasi ya mirathi iko wapi?"

Mbali na mali ya mirathi, yapo mambo mengine ambayo dalali mwenye maadili hana budi kuyajua na kuyasema bila ya kuulizwa. Mali ya wakfu haiuzwi kama mali ya mtu binafsi. Msimamizi wake ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Eka tatu walizogawiwa wakulima na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 zina masharti yake, wala si sawa na shamba lililonunuliwa. Mwenye mikarafuu au minazi si lazima awe ndiye mwenye ardhi iliyo chini yake. Nyumba ya Mji Mkongwe haibomolewi wala haibadilishwi umbo kwa hiari ya mnunuzi, kwa kuwa mji huo upo chini ya mamlaka yake ya uhifadhi, na tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Zaidi ya hayo, Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992 imeweka haki ya matumizi ya ardhi kwa Mzanzibari. Anayemshauri mgeni anunue kwa kutumia jina la mwenyeji anawatia hatarini wote wawili.

Mwananchi anayetafuta dalali anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Amjue dalali kwa jina lake kamili, mahali anapofanyia kazi na watu aliokwisha kuwahudumia. Dalali asiyekuwa na zaidi ya namba ya simu ni vigumu kumpata siku ya mashaka.

(b) Amuulize mapema anamtumikia nani, na ujira wake utalipwa na nani na kwa kiasi gani. Makubaliano hayo yaandikwe.

(c) Akutane na mwenye mali ana kwa ana. Ikiwa mwenye mali yuko safarini, uoneshwe uwakilishi wa maandishi ulio halali.

(d) Afike kwa Sheha wa shehia husika pamoja na majirani wa mipaka. Hata hivyo, muhuri wa Sheha si hati ya umiliki.

(e) Athibitishe hati katika Kamisheni ya Ardhi kabla ya kutoa fedha. Sheria ya Uhaulishaji wa Ardhi Namba 8 ya mwaka 1994 imeweka Bodi ambayo mauzo ya ardhi hupelekwa mbele yake. Karatasi iliyoandikwa barazani na mashahidi wawili haitoshi.

(f) Malipo yatolewe kwa mwenye mali, kwa stakabadhi, ikiwezekana kupitia benki.

Katika yote hayo, kipimo kilicho bora ni hiki: dalali mwema humpeleka mteja wake kwenye uthibitisho, na dalali mbaya humharakisha kuupita. Anaposema, "Kuna mtu mwengine anakuja kulipa jioni," mnunuzi na arudi nyumbani kwake. Nyumba nyengine itapatikana. Akiba ya miaka 20 hairudi kwa wepesi.

Kwa wapangaji, tahadhari ni hizo hizo kwa kiwango chake. Mpangaji asitoe kodi ya miezi kadhaa mkononi mwa dalali kabla ya kuonana na mwenye nyumba na kutia saini mkataba. Imekuwa ikitokea chumba kimoja kikalipiwa na watu wawili, kila mmoja akiwa na ufunguo wake.

Watumishi wa umma nao wana sehemu yao. Mtumishi anayeshika majalada ya ardhi, anayepima viwanja au anayepokea maombi, hawezi wakati huo huo kuwa dalali wa mali zinazopita mezani kwake. Kupokea "chai" ili jalada litangulie, au kumpa dalali habari za kiwanja kisichokuwa na mwangalizi, ni rushwa. Mwananchi anayekutana na jambo hilo anaweza kulifikisha kwa Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Kuhujumu Uchumi Zanzibar.

Mgogoro ukishatokea, madai ya ardhi husikilizwa na Mahkama ya Ardhi, na mambo ya mirathi kwa Waislamu hupelekwa Mahkama ya Kadhi. Khiyana ya fedha iripotiwe Polisi. Lakini anayedai bila ya maandishi huwa na kazi nzito mbele ya hakimu. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila ya daftari hupotea bila ya habari.

Wananchi wanaombwa, kabla ya kutoa arbuni, wafike katika ofisi za Kamisheni ya Ardhi Unguja na Pemba kuuliza. Na madalali wanakumbushwa kuwa mtaji wao mkubwa ni kuaminika. Anayekula amana ya mtu mmoja leo, kesho mtaa mzima utamjua.