Usimwambie Mkurugenzi Kwamba Ni Bure

Mtaalamu wa TEHAMA anayetaka shirika lake lihamie kwenye programu huria ya kusimamia miradi mara nyingi hutanguliza hoja iliyo dhaifu kuliko zote, yaani bei. Huingia kikaoni na jedwali lake: safu ya kushoto mamilioni ya leseni, safu ya kulia sifuri, akiamini sifuri hiyo itajieleza yenyewe. Lakini katika shirika lenye wafanyakazi elfu kadhaa, leseni hizo ni fedha ndogo. Anayemkosesha usingizi mkuu wa ununuzi ni mkaguzi. Mfumo ukizima siku ya kupeleka ripoti kwa mfadhili, nani alipigiwa simu, na mkataba wake uko kwenye faili gani? Sifuri haina jibu la swali hilo.

Ndiyo maana Redmine, programu nzuri iliyoanzishwa na Jean-Philippe Lang mwaka 2006, hukwama kwenye seva za mafundi bila kufika ghorofa za juu. Ina tiketi, kalenda na chati ya Gantt, na fundi mzoefu haimchukui muda kuisimika. Inachokosa ni kampuni ya kutia saini. Mwaka 2011 baadhi ya waendelezaji walijitenga nayo wakaanzisha ChiliProject, na humo ikatoka OpenProject, ambayo kampuni yake ina makao Berlin. Msimbo wake uko wazi na toleo la msingi halilipiwi, ila kampuni inauza mikataba ya msaada pamoja na nyenzo kadhaa za ziada. Watetezi wenye msimamo mkali hukunja uso wakisikia neno kuuza. Wakunje tu. Nyaraka za zabuni katika nchi zetu mara nyingi hudai barua ya idhini ya mtengenezaji, na barua hiyo haiandikwi na umma wa waendelezaji uliotawanyika duniani. Mkurugenzi anataka ankara, mpelekee ankara.

Baada ya hapo ndipo uje na hoja yenye uzito: ni nani anayeamua siku ambayo mfumo wako utazimwa? Oktoba 2020 Atlassian, wenye programu ya kusimamia miradi ya Jira, walitangaza kwamba toleo la Server, lile ambalo mteja hulisimika kwenye mashine zake mwenyewe, linafikia kikomo. Leseni mpya ziliacha kuuzwa Februari 2021, na msaada ukakoma Februari 2024. Mteja alibakiwa na njia mbili: kupeleka kazi zake kwenye wingu la kampuni, au kununua toleo la Data Center, lililotengenezwa kwa ajili ya mashirika makubwa. Waliochagua la pili nao waliambiwa mwaka 2025 kwamba Data Center itafikia mwisho wake mwaka 2029. Microsoft nao wameipangia Project Online kufungwa Septemba 2026. Hakuna aliyevunja mkataba hapo. Mwenye bidhaa ana haki ya kuiondoa sokoni. Lakini kwa taasisi ya Kenya inayobanwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, au ya Tanzania iliyo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kulazimika kuhamishia taarifa za watu kwenye seva zilizo nje ya nchi ni suala la kitengo cha sheria, na kitengo hicho hakiendeshwi kwa haraka ya mtu.

Bodi itauliza, kwani programu huria hazifi? Zinakufa. Phabricator, iliyozaliwa ndani ya Facebook, iliachwa na kampuni iliyokuwa ikiitunza mwaka 2021. Wikimedia, ambao wanaitumia tangu 2014, waliendelea na kazi, kwa sababu msimbo ulikuwa mikononi mwa watumiaji nao wakauendeleza kwa jina la Phorge. Kwa Jira na kwa Phabricator vilevile, mwenye mali aliondoka. Kilichotofautiana ni hali ya aliyeachwa.

Huenda mjumbe mmoja akautaja mji wa Munich, uliohamishia maelfu ya kompyuta kwenye Linux kisha mwaka 2017 baraza lake likaamua kurudi Windows. Jibu lake ni fupi: hapa hakuna kompyuta inayobadilishwa, mfanyakazi anafungua kivinjari kilekile alichokizoea. Kisha mkumbushe DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo ni programu huria na ndiyo inayobeba takwimu za afya za Kenya na Tanzania. Haikufika huko kwa sababu ya bei. Iliwekewa mafunzo, fedha za wafadhili, na wataalamu wa hapahapa, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanaoweza kuitwa na wakaja.

Tukisema kweli, katika ofisi nyingi mpinzani wa OpenProject si Jira. Ni faili la Excel lenye jina linaloishia na «mwisho kabisa 3», likisaidiwa na kundi la WhatsApp. Mpinzani huyo ni mgumu, maana kila mtu anamjua. Usianze na shirika zima. Chagua idara moja yenye mradi wa kweli na tarehe ya kukabidhi, ingiza lile faili la Excel kwenye mfumo mpya wewe mwenyewe, na mwombe meneja wa mradi aendeshe kikao cha Jumatatu kutoka humo mpaka aache kulifungua la zamani.

Zabuni itakapofika, isitaje jina la bidhaa. Idai huduma ya msaada kwa miaka 3, muda wa kujibu simu, mafunzo kwa Kiswahili, na haki ya kuchukua taarifa zote katika muundo unaosomeka na mfumo mwingine. Ongeza sharti ambalo wauzaji hawalipendi: kila robo mwaka nakala ya taarifa hizo irejeshwe kwenye seva tofauti, na anayeirejesha asiwe yule aliyeusimika mfumo.