Matone Mapya ya Polio na Maswali ya Wazazi wa Katavi

Septemba 2023, watoa chanjo walipita nyumba kwa nyumba katika mikoa sita ya Tanzania: Katavi, Rukwa, Kigoma, Kagera, Mbeya na Songwe. Kila mtoto wa chini ya miaka minane alitakiwa kupewa matone ya polio mdomoni, awe amewahi kuchanjwa au la. Chanzo kilikuwa mtoto mmoja wa Rukwa aliyepooza na kugunduliwa kuwa na kirusi cha polio aina ya pili. Katavi ilimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 na inapakana nayo, hivyo mkoa mzima, pamoja na kata ya Kasokola katika Manispaa ya Mpanda, uliingia katika kampeni. Matone yenyewe yalikuwa mapya. Shirika la Afya Duniani liliyaruhusu kwa matumizi ya dharura Novemba 2020.

Wazazi waliyapokea wakiwa na kumbukumbu za chanjo nyingine mbili. Mwaka 2018 ilianza kutolewa nchini kote chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, na kwa kuwa ililenga wasichana peke yao, uvumi ulienea kwamba inaleta ugumba. Kisha ikaja ya UVIKO-19. Januari 2021 Rais John Magufuli alionyesha hadharani mashaka juu ya chanjo hizo. Julai 28 mwaka huohuo mrithi wake, Samia Suluhu Hassan, akachanjwa mbele ya kamera. Ndani ya miezi sita wananchi walikuwa wamesikia kauli mbili zinazopingana kutoka ofisi moja. Haishangazi kwamba wengi walisubiri kwanza.

Swali la kwanza la mzazi kuhusu matone ya polio huwa hili: kadi ya kliniki imejaa, sasa mtoto achanjwe tena kwa nini? Jibu linaanzia Aprili 2016, pale nchi zinazotumia matone zilipoondoa kirusi cha aina ya pili katika chanjo ya kawaida. Tangu hapo kinga ya aina hiyo hutegemea sindano. Sindano humkinga mtoto asipooze, lakini haizuii vizuri kirusi kuishi tumboni na kutoka kwa njia ya choo. Mtoto mwenye afya njema anaweza kukipeleka kwa jirani. Hapo pia ndipo umri wa chini ya miaka minane unapoeleweka: waliozaliwa baada ya mabadiliko ya 2016 hawakuwahi kupata matone ya aina ya pili.

Swali la pili ni zito zaidi: je, chanjo yenyewe inaweza kuleta polio? Matone ya zamani yana kirusi hai kilichodhoofishwa. Mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa na vyoo ni haba, kirusi hicho huweza kuzunguka kwa muda mrefu, kikabadilika na kurudia ukali wake. Wasiwasi huu basi una ukweli ndani yake, na kuukana ni kumpa mzazi sababu ya kutoamini mengine yote. Matone mapya yalitengenezwa kwa ajili ya tatizo hilohilo: kirusi chake kimeundwa kisibadilike kwa urahisi. Na kadiri watoto wengi wanavyochanjwa, ndivyo kirusi kinavyokosa pa kuzungukia.

Swali la tatu huhusu upya: je, watoto wanafanyiwa majaribio? Majaribio yalitangulia, kwa watu wazima kisha watoto, kabla ya ruhusa ya dharura. Baada ya ruhusa, matumizi yaliendelea kufuatiliwa, na Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani likayapa matone hayo ithibati kamili.

Majibu haya hayafiki kwa kipaza sauti pekee. Mzazi humsikiliza anayemfahamu: mhudumu wa afya ngazi ya jamii, muuguzi wa zahanati, mwenyekiti wa mtaa, shehe au mchungaji. Watu hao wakielezwa mapema kwa nini kampeni imekuja, na maudhi madogo madogo ya chanjo yakitajwa kabla hayajatokea, homa ya usiku mmoja haigeuki uvumi wa kata nzima. Mtoa chanjo anapobisha hodi, mzazi anakuwa amekwisha kujibiwa.