Kiatu na Kiufuate Mguu

Wahenga walisema: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Neno hilo lafaa sana kwa viatu. Mtazamaji huona rangi na uzuri wake. Avaaye ndiye ajuaye mahali kinapobana. Leo twapenda kusema na wazazi na wanafunzi juu ya viatu vya kukimbilia, vile viitwavyo raba, na hasa juu ya watu ambao miguu yao haipati kiatu kwa urahisi: wenye miguu mipana mbele, wenye mgongo wa mguu ulioinuka, wenye kisigino chembamba, na wenye miguu miwili isiyolingana.

Katika soko la Kenya, hapa kwetu Lubumbashi, viatu hivyo vyapatikana kwa wingi, vipya na vilivyokwisha kuvaliwa ng'ambo. Kijana anayejiandaa kwa mashindano ya shule huenda huko na fedha iliyokusanywa na watu wa nyumba nzima. Akitazama tu jina lililoandikwa ubavuni, mara nyingi hurudi na kiatu kizuri kisichomfaa. Baada ya juma moja ana malengelenge. Baada ya mwezi ukucha wa kidole gumba umekuwa mweusi. Mwishowe aacha kukimbia, na watu humwita mvivu. Fedha ya nyumba imepotea. Tena lipo jambo baya zaidi: kijana mwenyewe huanza kuamini kwamba miguu yake ina kasoro. Twasema wazi: mguu hauna kosa. Kiatu kile hakikuwa chake.

Mshindi wa Roma

Mwaka 1960, miezi michache baada ya nchi yetu kupata uhuru, michezo ya Olimpiki ilifanyika Roma. Kati ya wakimbiaji wa mbio ndefu za marathoni alikuwamo Abebe Bikila, askari wa ulinzi wa Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia. Viatu alivyopata huko havikumkaa vema, navyo vilimwumiza. Naye alikuwa amezoea kufanya mazoezi bila viatu. Basi tarehe 10 Septemba, saa za jioni, alikimbia peku kilometa 42 na zaidi, juu ya lami na mawe ya barabara za kale. Alishinda kwa saa 2, dakika 15 na nukta 16, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki.

Wengine wakisikia habari hiyo husema: Kumbe viatu havina kazi! La, hawakuelewa vizuri. Miaka minne baadaye, huko Tokyo, Bikila huyo huyo alivaa viatu na soksi, akashinda tena kwa saa 2, dakika 12 na nukta 11. Hivyo hakuvichukia viatu. Alikataa viatu vilivyomwumiza. Nasi tunaopita penye vigae vya chupa, misumari na kokoto, twahitaji kitu cha kuulinda wayo. Lakini kitu hicho sharti kikubaliane na mguu.

Kwa nini kiatu hubana

Kiatu hutengenezwa juu ya kalibu, yaani mfano wa mguu. Kila kiwanda kina kalibu zake, na kila kalibu ina urefu wake na upana wake. Mtu aliyekua akitembea peku huwa mara nyingi na vidole vilivyotanuka, na mbele ya mguu wake ni pana. Kalibu nyembamba haikumfikiria mtu huyo. Ndipo wengi hutafuta dawa kwa kununua namba kubwa zaidi. Kweli, vidole hupata nafasi, lakini kisigino huchezacheza, na mahali kiatu kinapokunjika hapalingani tena na mahali mguu unapokunjika. Malengelenge yaliyotoka mbele yamehamia nyuma tu.

Dawa iliyo bora ni kutafuta kiatu kipana chenye urefu ule ule. Viwanda vingine huonyesha upana kwa herufi za Kimarekani. Kwa wanaume D ni upana wa kawaida, 2E ni mpana, na 4E ni mpana zaidi. Kwa wanawake B ni wa kawaida, na D ni mpana. Herufi hizo huandikwa ndani ya ulimi wa kiatu au juu ya sanduku lake.

Namba zenyewe zahitaji akili. Katika hesabu ya Kifaransa, tuliyoizoea hapa, kutoka namba moja hata nyingine ni theluthi mbili za sentimita. Mguu wa sentimita 26 huhitaji kiatu chenye urefu wa ndani wa karibu sentimita 27 na theluthi moja. Zidisha kwa 3, gawanya kwa 2, utapata 41. Kiatu hicho cha mwanamume chaweza kuandikwa 7 kwa hesabu ya Kiingereza na 8 kwa ile ya Kimarekani. Tena viwanda havipatani kabisa: 41 ya huyu yaweza kuwa fupi kuliko 41 ya yule. Namba ni mahali pa kuanzia, hukumu yatolewa na mguu.

Kupima mguu nyumbani

Pimeni jioni, maana mguu huvimba kidogo baada ya kazi ya mchana, kama unavyovimba katika mbio. Mtu asimame wima juu ya karatasi, uzito wake ukiwa juu ya miguu yote miwili. Mwingine achore mzunguko wa mguu kwa kalamu iliyosimama wima. Pimeni kutoka kisigino hata ncha ya kidole kirefu kuliko vyote. Kwa watu wengine ni kidole cha pili, si gumba. Pimeni pia upana mahali palipo panapo zaidi. Fanyeni hivyo kwa miguu yote miwili, kwa kuwa watu wengi wana mguu mmoja mkubwa kidogo. Kiatu kitachaguliwa kwa mguu mkubwa. Kateni karatasi ile, mwende nayo sokoni.

Mbele ya mwuzaji

Toeni soli ya ndani ya kiatu, kama yatoka, na kuiweka juu ya karatasi. Ikiwa mguu uliochorwa wapita kando za soli, kiatu hicho ni chembamba, hata kikiwa na jina kubwa namna gani. Kisha vaeni viatu vyote viwili, pamoja na soksi za kukimbilia. Simameni: mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi kama upana wa kidole gumba cha mkono. Vidole viweze kuchezeka. Kisigino kisipande mnapotembea. Tembeeni, kimbieni hatua chache. Mwuzaji akisema, «Kitalegea baadaye,» msikubali. Kiatu cha kukimbilia kifae siku ile ile ya kununuliwa.

Neno hili si maoni yetu tu. Katika majaribio yaliyotangazwa miaka ya 2009 na 2010, askari wapya wa Marekani waligawiwa makundi. Kundi moja lilipewa viatu kwa kufuata umbo la nyayo, kundi lingine likapewa aina moja kwa wote. Makundi yote mawili yaliumia karibu sawasawa. Hivyo mwenye nyayo bapa asiogope akiambiwa kwamba lazima anunue kiatu fulani cha bei kubwa. Nyayo bapa zisizouma si ugonjwa. Akikimbia bila maumivu katika kiatu, hicho chamfaa.

Viatu vilivyokwisha kuvaliwa vichunguzwe zaidi. Viwekeni juu ya meza, mvitazame kwa nyuma: vikiinama upande mmoja, vimekwisha kushika mwendo wa mtu mwingine. Bonyezeni soli: ikiwa ngumu kama ubao, au imejaa makunyanzi, nguvu yake imekwisha.

Kamba nazo zaweza kusaidia. Mwenye mguu mpana asipitishe kamba katika matundu ya chini. Mwenye mgongo wa mguu ulioinuka aache kupishanisha kamba mahali panapomwuma. Mwenye kisigino chembamba atumie tundu la mwisho kabisa la juu, ili kisigino kishikwe.

Neno kwa wazazi

Mtoto hukua. Kiatu kilichomfaa mwanzoni mwa mwaka wa shule chaweza kumbana kabla haujaisha. Mjaribuni kila miezi mitatu. Msimnunulie kiatu kikubwa mno ili adumu nacho miaka miwili, maana atajikwaa. Wala msimlazimishe kuvaa cha kaka yake kwa kuwa tu bado ni kizima.

Aliye na ugonjwa wa sukari, au aliyepata ukoma, aweza kukosa hisia miguuni. Mtu huyo asitegemee kuona maumivu. Aonyeshe miguu yake kwa mganga kabla ya kuanza kukimbia, apapase ndani ya kiatu kwa mkono kila avaapo, na kutazama nyayo zake kila jioni.

Basi, ninyi mtakaokwenda sokoni Jumamosi, chukueni karatasi, kalamu na rula leo jioni. Kazi hiyo haigharimu kitu, nayo yaweza kuwaokolea fedha za nyumba na miguu ya mtoto.