Samaki Aliyekomaa: Kunyoosha Meno kwa Nyaya Katika Umri wa Chuo

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Mwanachuo wa miaka 21 ambaye meno yake yamepandana huikumbuka methali hii kwa unyonge, akidhani kuwa wakati wake wa kutibiwa umekwisha kupita. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba, kuhusu kinywa, methali hiyo ina nusu tu ya ukweli. Taya la mtu mzima limekwisha kukomaa, lakini jino lililomo ndani yake bado linaweza kusogezwa. Anayeielewa tofauti hii atajua la kutarajia kutokana na nyaya za meno, ambazo wengi vyuoni huziita breisi, na lile asilopaswa kulitarajia.

Jinsi jino linavyosogea

Jino halikupigiliwa tayani mithili ya msumari ubaoni. Kati ya mzizi na mfupa mna utando mwembamba wa nyuzinyuzi, wenye mishipa ya damu na ya fahamu. Waya inaposukuma jino, utando huo hubanwa upande mmoja na kuvutwa upande wa pili. Penye kubanwa, seli maalumu humega mfupa. Penye kuvutwa, seli nyingine hujenga mfupa mpya. Kwa hiyo jino husafiri huku mfupa ukibomolewa mbele yake na kujengwa nyuma yake. Uwezo huu hauishi mtu anapobaleghe. Hudumu utu uzima wote, mradi ufizi na mfupa viwe na afya.

Mwendo wenyewe ni wa kobe: takriban milimita 1 kwa mwezi. Ndiyo sababu matibabu mengi huchukua kati ya miezi 18 na 24, na mgonjwa humwona daktari kila baada ya wiki 4 hadi 8. Kuongeza nguvu ya waya hakuongezi kasi. Nguvu inayozidi kiasi hukatiza damu katika utando, huleta maumivu na huweza kuchangia kufupika kwa mizizi ya meno.

Ikumbukwe pia kwamba nyaya za leo ni nyepesi kuliko za zamani. Edward Angle, daktari Mmarekani aliyeainisha kasoro za mpangilio wa meno katika makundi 3 mwaka 1899, alifanya kazi katika enzi ambapo jino lilivishwa pete ya chuma. Mwaka 1955 Michael Buonocore alieleza jinsi asidi inavyoweza kukwaruza uso wa jino ili gundi ishike. Ugunduzi huo ndio uliowezesha vibati vidogo vya siku hizi kugandishwa moja kwa moja kwenye jino. Hata hivyo, gundi huweza kushika kwa shida kwenye meno yaliyobadilika rangi kwa sababu ya floridi nyingi majini, hali inayoshuhudiwa sana katika Bonde la Ufa.

Mipaka ya umri

Ukweli wa methali uko kwenye taya. Kwa mtoto, daktari anaweza kuutumia ukuaji wenyewe: kupanua kaakaa ambalo pande zake mbili hazijashikana barabara, au kuelekeza taya linaloendelea kukua. Kwa kijana wa miaka 21 fursa hiyo kwa kawaida imepita. Ikiwa kasoro yake inatokana na taya moja kuwa fupi au refu mno, nyaya pekee huenda zisitoshe, na upasuaji ukahitajika. Ikiwa ni msongamano wa meno, huenda meno mawili au manne ya pembeni yakang'olewa ili nafasi ipatikane. Aidha, ugonjwa wa ufizi sharti utibiwe kwanza, kwani kusogeza jino katika mfupa unaoliwa na ugonjwa ni kuliharakishia kung'oka.

Nyaya na ala za sauti

Mwanafunzi wa Kiswahili ana jambo la ziada la kuzingatia. Meno ni mojawapo ya ala za sauti. Bila meno, /f/ na /v/ hukosa pa kukwamia, na /th/ na /dh/ hukosa mahali pake. Vibati vinavyogandishwa upande wa nje wa meno haviuzibi ulimi njia. Huukera zaidi mdomo, na dosari za matamshi aghalabu hutoweka baada ya siku au wiki chache. Vinavyofungwa upande wa ndani, pamoja na vifaa vinavyofunika kaakaa, huusumbua ulimi zaidi, hasa katika /s/ na /z/. Dawa ni kusoma kwa sauti kila siku hadi ulimi uzoee. Hivyo basi, anayekaribia kwenda kufundisha shuleni kwa majaribio asifungwe nyaya juma lile lile la kuripoti.

Maisha ya kila siku

Maumivu huanza saa chache baada ya waya kukazwa na hupungua baada ya siku kadhaa. Uji, wali, ndizi na ugali havina shida. Miwa, mahindi ya kuchoma na mifupa hung'oa vibati. La hatari zaidi ni uchafu unaosalia kandokando ya vibati. Asiyepiga mswaki kwa makini, kwa dawa yenye floridi, huenda akavuliwa nyaya akakuta meno yamenyooka lakini yana mabaka meupe ya uozo unaoanza.

Je, kila jino lisilonyooka linyooshwe?

Hasha. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mwanya husifiwa kuwa pambo, ilhali kwa kipimo cha kliniki nyingi ni pengo la kuzibwa. Mwanya usioathiri kutafuna wala kusafisha meno si maradhi, na mwenyewe ndiye wa kuamua. Kwa upande mwingine, meno yanayouma ufizi, yanayosagana vibaya au yasiyosafishika yana haja ya tiba kabla ya haja ya urembo.

Anayeamua kuanza ajiulize atakuwa wapi miaka miwili ijayo. Mwanachuo wa mwaka wa nne anayefungwa nyaya leo huenda akaajiriwa mbali na daktari wake kabla ya kazi kumalizika. Apate mpango wa matibabu na gharama yote kwa maandishi, na ahakikishe kuwa daktari amesajiliwa na baraza la madaktari na wataalamu wa meno nchini.

Hitimisho

Kuvuliwa nyaya si mwisho wa safari. Nyuzinyuzi za ufizi zilizovutwa hulirudisha jino zilikolizoea, na mfupa mpya huhitaji muda ili ukomae. Kwa hiyo mgonjwa hupewa riteina, kifaa cha kuyashikilia meno, ambacho mara nyingi huendelea kuvaliwa usiku kwa miaka mingi. Asiyekuwa tayari kuivaa ni heri asianze, kwani atakuwa amelipia tabasamu la muda. Samaki aliyekomaa hukunjika, lakini asiposhikiliwa hujikunjua.