Je, Wajua? Mafuta ya Nywele Yamejificha Ndani ya Kokwa

Mchikichi ni mti mmoja wenye mafuta mawili. Ya kwanza mtu wa Pinga hahitaji kuelezwa: ni mawese, mekundu, ya sombe na ya maharagwe, yanayokamuliwa kutoka nyama ya nje ya tunda. Ya pili yamefungiwa ndani ya kokwa, kwenye kiini chenye ngozi ya kahawia na nyama nyeupe, kisichozidi ncha ya kidole gumba. Watu wa Kigoma huviita viini hivyo mise. Mawese yakishapatikana, kokwa hubaki zimerundikana nyuma ya nyumba. Watoto huzigonga kwa jiwe na kutafuna kilichomo, nyingine huishia motoni pamoja na magamba yake. Naandika kwa ajili ya rundo hilo. Ndani yake mna mafuta ya nywele ambayo, kwa kazi moja mahususi, yanashinda vikopo vingi vya dukani.

Pinga imekaa pale Masisi na Walikale zinapokutana, mashariki mwa Kongo. Upande mmoja vinaanza vilima vya malisho, nchi ya ng'ombe na jibini. Upande wa pili msitu, nchi ya michikichi. Hata mapambo ya zamani yalifuata mpaka huo: wafugaji walijipaka siagi ya ng'ombe, watu wa msituni wakajipaka mafuta ya mti wao. Leo mafuta ya nywele hutoka Goma. Hupita Sake, Kitchanga, Mweso na Kalembe, mengi juu ya pikipiki, kwenye barabara ambayo tope na vita vimeifunga mara nyingi mno. Kila mkono unaopokea mzigo huongeza chake. Kikopo kinapofika kwenye meza ya sokoni, mama aliyeshika noti chache anapaswa kuchagua: sabuni au mafuta? Ni haki yake kujua anachokilipia.

Tuanze na unywele wenyewe. Ule unaouona hauna uhai. Kilicho hai ni shina lake chini ya ngozi; likishausukuma nje, hakuna chakula kinachoufikia tena, kiwe cha tumboni au cha kikoponi. Umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na juu yake umefunikwa na magamba membamba yaliyopandana kama mabati ya paa. Unywele wetu huota kwa mkunjo, na ukiukata ukautazama kwa hadubini utaona ni bapa, si duara. Kila unapopinda ni mahali dhaifu, na mafuta ya asili ya kichwani hayawezi kuteleza mpaka kwenye ncha.

Mwaka 2000, daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo wa Afrika Kusini na wenzake walizitazama nywele za Waafrika kwa hadubini ya elektroni. Waliona ncha nyingi zilizokatika na vifundo vidogo ambavyo nywele zilijifunga zenyewe. Mwaka uliofuata, mtafiti Geneviève Loussouarn wa Ufaransa alipima kasi ya kukua: nywele za Waafrika aliowapima zilikua kama robo milimita kwa siku, za Wazungu karibu milimita 0.4. Robo milimita inaonekana kidogo, lakini kwa mwaka mmoja inafika sentimita 9. Binti anayelalamika kwamba nywele zake "hazikui" amepata hizo sentimita 9 na kuzipoteza ncha kwa ncha, kwenye kitana na kwenye beseni. Kwa hiyo anayetaka nywele ndefu hana haja ya dawa ya kukuza. Ana haja ya kuzuia zisikatike.

Na kinachozichosha mno ni maji. Unywele ukilowa huvimba, magamba yake hunyanyuka, ukikauka husinyaa. Fanya hivyo wiki baada ya wiki, pamoja na sabuni na kitana, na protini inachuruzika kidogo kidogo. Mwaka 2003, watafiti wawili wa India, Aarti Rele na R. B. Mohile, walijaribu aina tatu za mafuta: ya nazi, ya alizeti, na yale meupe yanayosafishwa kutoka petroli. Walipima protini inayotoka kwenye nywele zilizopakwa kabla ya kuoshwa na baada ya kuoshwa. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu huo. Sababu ni asidi ya lauriki: molekuli ndogo, nyofu, yenye kaboni 12, inayopenya chini ya magamba na kukaa ndani ya unywele, ambako inayazuia maji yasiingie kwa wingi.

Pinga hakuna minazi ya pwani. Lakini sikiliza: takriban nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, na takriban nusu ya mafuta ya mise ni asidi hiyohiyo. Kemia inayaona kama ndugu wa kuzaliwa. Jaribio la India lilikuwa la nazi, si la mise, na hilo nalisema wazi. Ila kama kinachofanya kazi ni lauriki, basi mti wa Walikale unayo. Mawese mekundu hayana lauriki ya maana. Yamejaa asidi ya palmitiki na oleiki, pamoja na rangi ya karoteni ambayo itabaki kwenye kitambaa na kwenye mto wako. Mawese tuyaache jikoni.

Kuyatoa mafuta ya mise ni kazi ya mikono. Kokwa huanikwa mpaka kiini kilegee na kucheza ndani. Ukiitikisa sikioni, unakisikia kinagonga. Hupasuliwa moja moja juu ya jiwe. Viini hukaangwa kwenye chungu kikavu, na hapo ndipo mafuta yanapopata tabia yake. Moto mkali na muda mrefu hutoa mafuta meusi yenye harufu ya moshi inayokufuata mpaka kanisani. Moto wa wastani, viini vikitolewa vikiwa vya kahawia tu, hutoa mafuta ya rangi ya asali yenye harufu ya karanga. Kisha hutwangwa mpaka vigeuke uji mzito, hutiwa maji, huchemshwa, na mafuta hupanda juu yakaenguliwa. Hatua ya mwisho wengi huiharakisha, nayo ndiyo inayoamua mafuta yataishi siku ngapi: yarudishe motoni peke yake na uyasikilize. Yakichachatika, bado yana maji. Yakinyamaza, yako tayari kwa chupa safi, kavu, yenye kizibo. Mafuta yaliyobaki na maji huvunda upesi, lakini yaliyokaushwa vizuri hudumu, kwa sababu zaidi ya robo tatu yake ni mafuta yasiyoharibiwa kirahisi na hewa.

Asubuhi ya baridi usishtuke ukiyakuta yameganda meupe kama samli. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 25 hadi 28 hivi. Chota kiasi cha ncha ya kijiko, kiweke kiganjani, funga mkono, hesabu mpaka ishirini. Ukiufungua, yamekuwa maji. Kiganja kimefanya kazi ya jiko.

Wengi hukosea wakati wa kuyapaka. Huyaweka kichwani baada ya kuoga, yang'ae. Ni vizuri, lakini faida kubwa iko kabla. Jioni ya kuamkia siku ya kuosha, paka nywele kavu, ukianzia ncha ambazo ni sehemu kongwe na dhaifu kuliko zote, funga kitambaa, ulale. Kesho osha. Kwa kichwa cha mtoto kijiko cha chai kinatosha. Nywele zikiwa bado na unyevu, ongeza matone machache, kisha chana kwa chanuo la meno mapana kutoka nchani kuelekea shinani, ukishika nywele juu ya pale unapochana ili shina lisivutwe. Chupa moja ya bia ya Primus ikijazwa mafuta hayo, nyumba yenye watoto watatu inakwenda nayo miezi mingi.

Sabuni nayo ina neno lake. Kipande cha kufulia kina ukali wa magadi, pH yake kama 9 au 10, wakati unywele wenyewe ni wa tindikali, chini ya 4. Ndiyo maana baada ya kuosha kwa kipande nywele hukakamaa na kushikana: magamba yamesimama. Asiye na shampuu asikate tamaa. Tengeneza povu mkononi, sugua ngozi ya kichwa tu, acha povu literemke kwenye nywele lenyewe, suuza sana. Mwisho kamua kipande kidogo cha limau kwenye jagi la maji, mwagia, halafu suuza tena kwa maji safi. Tindikali hiyo hafifu huyalaza magamba. Usiache maji ya limau kwenye ngozi ukatoka juani, maana yanaunguza.

Soda kali ya kutengenezea sabuni ndiyo iliyomo katika dawa nyingi za kunyoosha nywele, zile ambazo Kongo tunaziita defrizan. Ndani ya sabuni, soda kali imekwisha kushikana na mafuta na kupoa. Ndani ya defrizan iko huru, pH yake hufika 12 na kuzidi, nayo huvunja vifungo vya salfa vinavyoushikilia unywele. Vidonda vya kichwani baada ya saloni si "ngozi nyepesi", ni kuungua. Mwaka 2022, taasisi za afya za serikali ya Marekani zilitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497: waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo. Lakini kwangu mimi unatosha kuuliza kwa nini fedha ya karo iende huko. Na kumpaka mtoto mdogo dawa hiyo, naomba tuache kabisa.

Mise nayo isisifiwe kupita kiasi. Haioteshi nywele mahali palipokufa shina. Haitibu mba, maana fangasi anayehusika na mba hula mafuta, kwa hiyo mwenye mba asiyapake kwenye ngozi ya kichwa, apake nywele tu. Mabaka ya vibarango kwa watoto wa shule yanahitaji vidonge kutoka kituo cha afya, na kuyafunika kwa mafuta ni kumchelewesha mtoto. Wala hakuna mafuta yanayoweza kuokoa nywele za paji la uso zinazovutwa kila wiki na misuko ya kubana au meshi nzito. Kama msuko unauma unapolala, fumua usiku huohuo.

Ukisimama mbele ya meza ya duka, jifunze kusoma mgongo wa kikopo. Viungo huandikwa kwa mpangilio, kilicho kingi kwanza. Ukikuta Petrolatum au Paraffinum liquidum mwanzoni, umeshika jamii ya Vaseline, ambayo Robert Chesebrough aliipatia hataza Marekani mwaka 1872. Haina ubaya, na kwa kufunika ncha zisikauke inafaa. Ila inakaa juu, haipenyi, na hakuna sababu ya kuilipia zaidi kwa ajili ya picha ya msichana kwenye kifuniko. Endelea kusoma na unaweza kukutana na Elaeis guineensis. Hilo ni jina la kisayansi la mchikichi wako. Katika sabuni utaona Sodium palm kernelate: mise iliyokutana na soda. Hata Sodium lauryl sulfate, kinachotoa povu katika shampuu nyingi, mara nyingi hutengenezwa kwa mafuta ya mise au ya nazi.

Safari ya mti huu inanigusa. Mwaka 1848 miche minne ya mchikichi, mti wa Afrika, ilipandwa na Waholanzi katika bustani ya Bogor, Indonesia, na leo Indonesia na Malaysia ndizo zinazoongoza kwa mafuta yake duniani. Mwaka 1911 William Lever, tajiri wa sabuni ya Sunlight, alipewa na Wabelgiji maeneo makubwa ya michikichi ya Kongo. Na Yangambi, kando ya mto wetu wa Kongo, ndipo watafiti Beirnaert na Vanderweyen walipoeleza mwaka 1941 siri ya gamba la kokwa: dura yenye gamba nene ikizalishwa na pisifera isiyo na gamba, huzaliwa tenera yenye gamba jembamba na nyama nyingi ya mawese. Mashamba makubwa ya dunia yamepandwa tenera. Michikichi mingi ya vijijini kwetu bado ni dura, yenye kokwa kubwa. Mkulima anayetaka mawese huiona dura kuwa hasara, lakini kwa mama anayetafuta mise, kokwa kubwa ni kheri.

Basi msimu huu mawese yakishakamuliwa, usiziache kokwa kwenye tope. Zianike, na siku moja ya juma ukae na majirani mkizipasua. Karibu nusu ya uzito wa kila kiini ni mafuta.